Upande wa Kaka

Kaka yangu aliingia ndani ya tanuri Jumanne asubuhi, akiwa na mwiko wa kujengea, ndoo ya saruji na nia njema. Hakutoka hadi Jumamosi. Naandika habari hizi kwa sababu mwenyewe hayupo tena wa kuzisimulia, na hata alipokuwepo alizisimulia vibaya. Aliruka sehemu zote zilizomtia aibu, na ukiziruka hizo hakibaki kitu.

Nianze na matofali, maana yalikuwepo kabla ya tanuri.

Baba alikuwa mwashi katika kiwanda cha vioo. Kazi yake ilikuwa kulijenga upya tanuri la kuyeyushia vioo kila lilipochakaa. Tanuri lile lilikuwa kubwa kama sebule yetu. Mafundi waliingia kwa mlango wake wakiwa wima, wakapanga matofali wakiwa humo ndani. Siku moja kiwanda kilimfanyia meneja sherehe ya kumuaga, wafanyakazi wakaalikwa pamoja na wake zao, wakaletewa piza. Mama alikula kipande kimoja, akafuta vidole, akasema, "Hiki ningeweza kula kila siku." Alisema tu, kama mtu anavyosifu kivuli. Baba aliichukua kama amri. Tangu siku ile, kila alipotoka kazini alifunga nyuma ya baiskeli tofali moja la kuhimili moto, katika yale ya zamani ambayo msimamizi alimruhusu achukue, akalileta nyumbani. Yakitosha, alisema, atamjengea Mama tanuri la piza uani.

Hayakutosha. Si kwamba yalikuwa machache. Ni kwamba Mama aliyapatia kazi. Tofali la kuhimili moto ni zito, lina pembe zilizonyooka, haliogopi maji wala mchwa. Yaliingia chini ya miguu ya kitanda, chini ya kabati, chini ya friji, chini ya pipa la maji. Moja lilizuia mlango wa jikoni usijibamize. Jingine lilikaa juu ya kifuniko cha ndoo ya unga, panya wakakata tamaa. Tulikua tukidhani kila nyumba duniani ina kitanda cha kupandia kwa kuruka. Baba akastaafu, akawa anapita chumba hadi chumba akiinama kuchungulia chini ya vyombo na kusema, "Bado kidogo." Kisha akafa, tanuri likiwa bado halijapata hata tofali la kwanza.

Siku ya maziko, Dada Mkubwa alimshika Mama mkono akamwambia, "Mama, utakuja ukae kwangu." Dada anaishi mji mwingine, ghorofani, kwenye jengo lenye lifti. Mama akajibu, "Nimekubali, mwanangu."

Mama yetu ni mtu wa neno lake. Aliwahi kumwambia muuza nyama wa mtaani kwamba hatakanyaga tena dukani kwake. Muuza nyama yule alishahama, duka siku hizi ni la simu, na Mama bado haingii. Kwa hiyo Dada alipopiga kusema anakuja na gari Jumamosi, Mama alitoa mabegi, akayajaza, akayapanga mlangoni, kisha akazunguka nyumba nzima akigusa kuta kwa kiganja. Kaka na mimi, ambaye ni kitinda mimba, tulikuwa bado tunaishi pale. Tulimwona akigusa kuta, tukatazamana.

Kaka alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi uani, chini ya bati. Jumatatu aliniita huku ameng'ata uzi.

"Mtu mwenye tanuri hahami," akasema. "Tanuri huwezi kulitia kwenye begi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo namjengea. Kabla ya Jumamosi."

"Umewahi kujenga nini wewe?"

"Nimemtazama Baba."

"Ulimtazama akijenga au akila?"

"Vyote."

Mama alipokwenda sokoni, tuliyakusanya matofali. Nyumba ikashuka. Sijui nisemeje vinginevyo. Mama aliporudi, alinyoosha mkono kuchukua sukari juu ya kabati, mkono ukapapasa ukuta mtupu. Akaenda kukaa kitandani, na safari ya kulifikia godoro ikawa ndefu kuliko alivyozoea. Akabaki pale chini, magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Nyumba imeshuka," akasema.

"Ni matofali, Mama."

"Najua ni matofali. Nimelala juu yake maisha yangu yote ya ndoa."

Jumanne ujenzi ukaanza. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyofanya. Hurundika mchanga mbichi mfano wa kichuguu, wakaufunika kwa magazeti, wakapanga matofali juu yake. Saruji ikishika, wanauchimba mchanga na kuutoa kwa mdomo wa tanuri. Nilimweleza Kaka.

"Mchanga una macho?" akaniuliza. "Moto unakaa ndani. Kama nyufa ziko ndani, mimi niko nje natazama nini? Baba alijenga akiwa ndani."

Hilo lilikuwa kweli. Sote wawili tulisahau kwamba tanuri la Baba lilikuwa na mlango wa binadamu. Mdomo wa tanuri letu Kaka aliupima kwa sinia kubwa la Mama, akiongeza nafasi ya vidole pande zote mbili, kwa sababu sinia ndilo litakaloingia. Hakuna aliyefikiria kitakachotoka.

Alisimama katikati ya msingi, kuta zikapanda kumzunguka. Zilipofika kiunoni zilianza kuinama kuelekea kwake, naye akapiga magoti. Zilipofika juu zaidi, akakaa. Mimi nilimpa matofali kwa juu, kisha juu pakawa padogo, nikawa nayapitisha mdomoni. Alipiga plasta nene kwa ndani, akaisugua hadi ikang'aa. Tofali la mwisho, lile la kileleni, alilipachika kwa mikono miwili huku akilisukuma kwa utosi. Bomba la moshi alikuwa ameliweka nyuma, na sauti yake ikatokea huko.

"Limekaa."

Kisha kichwa kikatokeza mdomoni, na mkono mmoja. Vikarudi. Ikatokea mikono miwili bila kichwa. Ikarudi. Ukatokea mguu, ukatafuta ardhi, ukaikosa, ukarudi nao. Kaka hakuwa mnene. Alikuwa mpana mabegani, na huwezi kumwambia mtu apunguze mabega.

"Umekwama?" nikauliza.

"Sijakwama. Napumzika."

Mama alikuja akifuta mikono kwa kanga, akainama. "Unafanya nini humo?"

"Namalizia, Mama."

"Toka ule."

"Nitakula humu humu."

Nilichukua nyundo. Saruji ilikuwa bado mbichi. Ingekuwa kazi ndogo kutoa matofali machache na kuyarudisha baadaye. Lakini Kaka akasema, "Ukigusa tofali la Baba, mimi na wewe basi." Na Mama, ambaye nilitegemea amkaripie, akasema, "Mwache. Saruji haijashika, ukiigusa hapo itaharibika yote. Ngoja ikauke." Halafu akaenda jikoni. Nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini huku akikatakata vitunguu. Tangu maziko sikuwa nimesikia akiimba.

Mtu huzoea upesi. Jumatano wateja wa Kaka walianza kuja kama kawaida.

"Fundi yupo?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Tanurini."

Mteja anatazama kiti kitupu chini ya bati, anatazama tanuri, mkono unatoka, unapokea kiatu. "Kisigino au soli?" linauliza bomba huko nyuma, na mteja anageuka kutazama nani kamsemesha. Mzee mmoja alilalamika kwamba viatu vyake vimerudi vina vumbi jeupe. Mama mmoja alisema fundi amekuwa mtulivu zaidi, hatembei tembei, kazi inakwisha kwa wakati. Jirani wa ghorofani, ambaye dirisha lake linatazama uani kwetu, aliomba kwa upole Kaka asikorome, maana bomba linamwelekea yeye. Kuhusu mahitaji mengine ya mwanadamu, kulikuwa na kopo, pazia na mimi, na sitaandika zaidi ya hapo.

Alilala amekaa, mgongo ameuegemeza ukutani. Asubuhi alisema plasta ilikuwa baridi na nzuri, kuliko godoro lake.

Lakini nilianza kuona mambo. Kwanza, mabegi pale mlangoni yalikuwa yanapungua. Mama alitoa blanketi, Kaka ajifunike. Akatoa mwiko wa kupikia. Akatoa sufuria kubwa, kwa sababu huwezi kumpikia mtu aliye tanurini kwa sufuria ndogo. Akatoa nguo zake za nyumbani, maana hawezi kuinama mdomoni pale na nguo za safari. Pili, ni vile alivyomlisha.

"Mama, hii ni sahani nyingine?"

"Kula."

"Nimeshiba."

"Humo ndani kuna baridi. Kula."

Alhamisi nilimwambia Kaka kwamba akijaribu kutoka bega moja kwanza, huku ametoa pumzi yote, huenda akapita. Alijaribu. Bega lilipita. Kifua kikakaribia. Mama akatokea na bakuli la uji mzito, Kaka akarudi ndani kuupokea, na shughuli ikaishia hapo. Nilimtazama Mama. Mama alitazama anga, akasema huenda mvua ikanyesha.

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa amempa Dada neno lake, na neno lake hawezi kulirudisha. Lakini hakuna anayeweza kumlaumu mama mwenye mtoto tanurini.

Nilipiga simu. Sikutaka Dada afike bila kujua.

"Dada, Kaka yumo ndani ya tanuri."

"Tanuri gani?"

"La piza."

"Tangu lini mna tanuri la piza?"

"Tangu alipoingia."

"Mwambie atoke," akasema, akakata.

Jumamosi gari lilisimama mlangoni. Alishuka Dada, amevaa viatu virefu. Akashuka shemeji, mume wa Dada, mtu mpole ambaye sijawahi kumwona amekasirika wala ameshiba. Na kutoka kiti cha nyuma akashuka fundi mwashi mgeni, na nyundo kubwa aliyokuwa ameipakata safari nzima kama mtoto.

"Nimesikia kuna piza," akasema shemeji.

"Kuna tanuri," nikamwambia. "Piza bado."

Dada alipita uani kwa haraka, akakanyaga vipande vya matofali vilivyobaki, mkanda wa kiatu ukakatika. Alifika mbele ya tanuri anachechemea. Yule mwashi alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akaweka sikio.

"Kazi safi," akasema. "Nani kajenga?"

"Mimi," likajibu bomba nyuma yake.

Mwashi aliruka hatua moja pembeni. Alipotulia akauliza, "Ulijengea wapi?"

"Humu humu."

Mwashi alimgeukia Dada. "Dada, mimi nimevunja nyumba nyingi. Lakini mwenyewe huwa anasimama nje."

"Toa matofali ya huku mbele atoke," akasema Dada. "Mama, mabegi yako wapi? Shemeji yao atayapakia."

Shemeji aliinua begi moja kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa lilikuwa tupu, nusura limpige usoni. Akainua la pili kwa kidole. Akamtazama Dada. Dada akayatazama mabegi, kisha akatazama kamba ya nguo, ambapo nguo zote za Mama zilikuwa zinapepea, hata gauni la safari.

"Mwanangu yuko tanurini," akasema Mama. "Niende wapi?" Akachukua beseni lake, akaenda nyuma kuanua nguo.

Dada alimwambia mwashi asubiri. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mdomo wa tanuri, akachungulia gizani.

"Wewe bwana," akasema. "Umejifungia humo ili Mama asiondoke."

"Nilikwama, Dada."

"Jumanne ulikwama. Jana je? Saa hizi je? Umeomba kutoka hata mara moja?"

Mkono wa Kaka ukatoka, umefunguliwa kiganja. "Lete kiatu."

"Sitaki kutengenezewa kiatu, nataka kujibiwa."

"Nikiwa nafanya kazi najibu vizuri."

Dada alivua kiatu akampa. Ikasikika sindano ikitoboa ngozi humo ndani. Dada akaketi na mguu mmoja mtupu, vidole vikiwa kwenye kokoto, yeye ambaye nyumbani kwake huvua viatu tu anapolala.

"Nimeshampambia chumba," akasema, taratibu sasa. "Mapazia nimeweka ya kijani, rangi anayoipenda. Unadhani namchukua kwa sababu nawaonea wivu?"

"Kwani kwa sababu gani?"

"Mume wangu anaondoka asubuhi, watoto wapo bweni. Nabaki mule ndani mchana kutwa, nasikia lifti ikipanda na kushuka. Haisimami kwangu. Baba alipokufa nikasema, basi, angalau Mama. Nilitaka mtu wa kuniuliza nimekula nini. Ndiyo hivyo tu, mdogo wangu. Wewe una Mama miaka yote. Una hata tanuri."

Sindano ilisimama.

"Mimi nikiamka asubuhi," akasema Kaka, "namsikia akikohoa chumbani, ndipo najua siku imeanza. Nikasema asipokohoa, itaanzaje? Sikuwaza zaidi ya hapo. Wewe sikukuwaza hata kidogo. Nisamehe."

Wote wawili walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, wakiamini wanasikilizana peke yao. Lakini maneno yanayosemwa mdomoni mwa tanuri hayakai mdomoni. Yalipita ndani, yakapanda bombani, yakatokea nyuma, mahali ambapo Mama alikuwa amesimama na beseni la nguo. Nilikuwa pembeni, nilimwona. Alisikiliza neno kwa neno. Gauni la safari lilikuwa mikononi mwake, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Alipokuja mbele, hakuwa na beseni. Alikuwa na nyundo ya Baba.

"Wewe," akamwambia Dada, "nisikilize, na aliye humo ndani naye asikilize. Siku ile ya maziko nilikubali. Siku ile mtu angeniambia nihamie juu ya paa ningekubali. Sitaki kuhama. Narudisha neno langu. Nilipaswa kulirudisha mapema, nikaona aibu, nikamwacha mwanangu akae humo kama mkate, namjaza uji asitoke." Akavuta pumzi. "Na nimeelewa pia kwamba nina mtoto mwingine anayesikiliza lifti. Hilo sikulijua. Ungeniambia, mama. Kwani simu yangu ina kazi gani?"

Dada aliinamisha kichwa. Shemeji alikuwa ameshika mabegi mawili matupu na alionekana anataka kuyaweka chini ila hajui kama ni wakati wake.

"Nitakuja kwako," akasema Mama, "nitakaa mpaka nichoke, kisha nitarudi. Nawe utakuja hapa kula kila mwezi. Hayo ndiyo maneno yangu mapya."

"Tutakula nini?" akauliza Dada, akijifuta macho. "Tanuri lenyewe linavunjwa."

"Litajengwa tena. Na wewe utashika mwiko."

Mwashi alisogea na nyundo yake, Mama akamzuia. Aligonga mwenyewe, polepole, kando ya mdomo, kama mtu anayebisha hodi. Tofali la kwanza likalegea, akalipokea kwa kanga. Jingine. Jingine. Mwashi akawa anayapanga chini kwa adabu. Kisha Kaka akatoka, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, amekunjamana, na kiatu cha Dada mkononi kimeshonwa. Alitembea uani ameinama hivyo hivyo hadi jioni, akidai kwamba anga limeshuka.

Sehemu ya mbele tuliijenga upya wote kwa pamoja, juu ya mchanga safari hii, na Dada aliyeshika mwiko alikuwa mkali kuliko msimamizi yeyote wa kiwandani. Tukaliacha likauke, tukaliwashia vijimoto vidogo vidogo siku baada ya siku ili lisipasuke, na Dada aliporudi mwezi uliofuata, Mama akakanda unga. Shemeji alisimama pale tangu kuni zilipowashwa.

Piza ilitoka imeiva vizuri, imevimba kingo, jibini linatokota. Isipokuwa upande mmoja. Upande mmoja ulikuwa mweupe na laini, kama haukufika motoni kabisa. Mama akaoka nyingine, ikawa vile vile. Tulipolipoza tanuri, nikaingiza kichwa na tochi. Ukuta wa ndani, upande wa kushoto, ulikuwa na bonde. Bega, uti wa mgongo, bega jingine, na hapo juu kishimo cha kisogo. Usiku ule wa kwanza plasta ilikuwa mbichi, naye aliiegemea hadi asubuhi. Moto ukifika pale unaingia bondeni na kuzunguka, haurudi kwenye sinia.

"Nitaziba," akasema Kaka, kila mwaka, hadi mwaka aliougua. Hakuziba. Kipande kile tulikiita upande wa Kaka, na yeye ndiye aliyekila, akisema hakuna kinachomstahili mtu kama kosa lake mwenyewe likiwa na jibini.

Sasa hayupo. Asubuhi Mama hukohoa chumbani, kwenye kile kitanda kifupi ambacho hatukukirudishia matofali, na siku inaanza. Dada huja kila mwezi, viatu anavua getini. Mafundi wawili wameshatuambia kwamba lile bonde linazibika kwa mwiko mmoja wa plasta. Mama amewashukuru, akawapa chai, wakaondoka.

Piza ikitoka, Mama hulizungusha sinia mpaka kile kipande cheupe kimwelekee Dada, kisha mimi, kisha shemeji.

"Upande wa Kaka," husema. "Nani anataka?"

Kila mmoja wetu hujibu kwamba ameshiba. Kisha mikono yote hufika hapo kwa pamoja.